Neno "dog" kwenye Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wa kila aina, wanafunzi wa sekondari, vijana wa hotelini Zanzibar na Mombasa, madereva wa watalii, watu wa magazeti wanaotafsiri habari usiku usiku, na ndugu zetu walioko nje wanaofanya kazi na wazungu kila siku. Nimelichukua neno dog peke yake kwa sababu ndio mnyama anayetukosanisha kuliko wote. Kwa Kiswahili ukishamwita mtu mbwa maneno yameisha hapo, kinachofuata ni ngumi au kituo cha polisi, ila kwa Kiingereza dog anaweza kuwa tusi, sifa, chakula, nyota, hata kola ya padri, inategemea limekaa wapi na nani kalisema.

Dog ni mbwa tu, au kuna zaidi?

Maana ya kwanza ni mbwa yule yule unayemjua, wa kufugwa, dume au jike. Mtoto wake ni puppy. Sasa kuna jambo moja la kuwa nalo makini, kwa madaktari wa mifugo na wafugaji dog ni dume na jike ni bitch, wanaliandika hivyo kwenye karatasi zao bila shida yoyote, lakini ukitoka nje ya hapo bitch ni tusi zito kwa mwanamke. Kama wewe si daktari wa mifugo sema female dog, utaeleweka na hakuna atakayekukodolea macho.

Na hound je? Huyo ni mbwa wa kuwindia. Zamani za kale Waingereza walikuwa wanamwita mbwa yeyote "hund", kama Wajerumani wanavyosema Hund mpaka leo na Waholanzi hond. Neno "docga" lilikuwepo pembeni, halitumiki sana, na wataalamu wa lugha wameshindwa kukubaliana limetoka wapi, ila likakua likakua mpaka kufikia karne ya 16 likawa ndio neno la kila siku, hound akabakiziwa uwindaji. Ndio maana dog halifanani na majirani zake wa Ulaya. Tena Wafaransa na Wajerumani waliliazima wao kutoka Kiingereza, dogue na Dogge, kwa ajili ya mbwa wakubwa wakubwa.

Mbona kuna wanyama wana "dog" kwenye jina na si mbwa?

Prairie dog ni mnyama mdogo wa Amerika Kaskazini wa jamii ya panya na kindi, anachimba mashimo, kaitwa dog kwa sababu ya mlio wake unaofanana na kubweka. Huyo hana undugu na mbwa.

Linalotuhusu zaidi sisi ni African wild dog, yule mwenye mabaka ya njano, nyeusi na nyeupe na masikio makubwa ya duara, anapatikana Ruaha, Hifadhi ya Nyerere iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, na sehemu nyingine chache. Kwa Kiswahili tunamwita mbwa mwitu. Shida ni kwamba Biblia na vitabu vya hadithi vimetumia mbwa mwitu hiyo hiyo kutafsiri wolf, na wolf huyo wa vitabuni hayupo kwenye mbuga zetu. Kwa hiyo dereva wa watalii akitafsiri mbwa mwitu kuwa wolf, mgeni anaondoka anaamini kaona wolf Tanzania. Ukiwa porini sema wild dog au painted dog, wolf waachie vitabu.

Bosi wangu mzungu kaniambia "you lucky dog", kanitukana?

Hapana, kakupongeza. Maana yake una bahati wewe, na humo ndani kuna kautani ka kukuonea wivu kwa uzuri. Hili ndio swali linaloulizwa kuliko yote kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Angalia neno lililokaa mbele ya dog. Lucky dog ni mwenye bahati. Sly dog ni mjanja mjanja, mara nyingi kwenye mambo ya mapenzi, na linasemwa huku mtu anacheka. Old dog ni mkongwe, mzoefu. Top dog ni mkubwa wa mahali, ndiye mwenye kauli. Sea dog ni baharia wa siku nyingi. Dirty dog hapo ndio tunaanza kuharibu, huyo ni mtu asiyeaminika, na akisemwa kwa hasira ni tusi kabisa.

Likikaa peke yake ndio kazi. "He's a dog" kuhusu mwanaume mara nyingi maana yake ni mhuni wa wanawake, leo huyu kesho yule. Likisemwa kwa mwanamke kuhusu sura yake ni kumdhalilisha, usilitumie, na ukilisikia jua ni dharau. Kwa kitu, "that car is a dog", ni kimeo, gari bovu linalokula hela.

Halafu kuna ile ya vijana, "what's up dog", wengine wanaandika dawg. Hiyo imetoka kwa Wamarekani Weusi na maana yake ni mwanangu, mshikaji, sawa na Mkenya akisema buda au bro. Snoop Dogg, yule mwanamuziki wa rap wa Marekani, kaliweka kwenye jina lake kabisa na g mbili. Ila ushauri wangu, kama hujazoeana na mtu usimwite dawg, hasa mtu mzima au mtu wa ofisini. Linatoka vizuri kwenye mdomo wa aliyekulia ndani yake, kwa mwingine linasikika la kuigiza.

Usidhani Kiingereza kiliwahi kuwa na upole na mbwa siku zote. Fungua Wafilipi 3:2, "jihadharini na mbwa", tafsiri za Kiingereza nazo zinasema dogs na ni ukali ule ule tunaoujua. Huu upole wa lucky dog unaenda na watu ambao mbwa analala sebuleni kwao.

Hot dog ni nyama ya mbwa?

Si nyama ya mbwa. Ni soseji ndani ya mkate mrefu, na haradali au tomato sosi juu. Jina lilianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19, wahamiaji wa Kijerumani walikuwa wanauza soseji mitaani na watu walikuwa na utani, wengine na wasiwasi wa kweli, kwamba huko ndani wanasaga mbwa. Kufikia miaka ya 1890 hot dog ilishaanza kuandikwa. Ile stori inayozunguka sana, kwamba mchoraji wa katuni alikuwa uwanjani kwenye mechi ya baseball akashindwa kuandika jina refu la Kijerumani akaandika hot dog, si ya kweli, neno lilikuwepo kabla.

Kwa Waislamu cha kuuliza ni soseji yenyewe, kwa sababu inaweza kuwa ya ng'ombe, ya kuku au ya nguruwe, na nyama ya ng'ombe nayo unauliza imechinjwaje. Jina limeleta mjadala kweli huko Malaysia mwaka 2016, idara ya serikali inayotoa cheti cha halali ilitaka bidhaa inayoomba cheti isiitwe hot dog, wakapendekeza iitwe soseji tu.

Marekani pia "hot dog" anaweza kuwa mtu anayejionyesha kwenye michezo, anapiga danadana wakati timu inataka goli.

Underdog ni timu mbovu?

Hapana, na hapa magazeti yetu ya michezo yanakosea sana. Underdog ni yule ambaye hakuna anayempa nafasi ya kushinda. Neno limetoka kwenye mapigano ya mbwa, mchezo wa kikatili ambao Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1835, mbwa aliyelaliwa chini ndio underdog na aliyemkalia juu ndio top dog.

Mtu akilitafsiri "kibonde" anapoteza roho yote ya neno. Kibonde kuna dharau ndani yake, kibonde ni wa kupigwa tano bila, anaenda uwanjani kugawa pointi. Underdog watu wanampenda, wanataka ashinde, hata asiye shabiki wake anamuombea. Chukua Leicester City msimu wa 2015/16, msimu wa nyuma yake waliponea chupuchupu kushuka daraja, kampuni za kubeti Uingereza zikawapa 5,000 kwa 1, yaani ukiweka pauni 1 unalipwa 5,000, na wakachukua ubingwa wa ligi kuu na Claudio Ranieri benchi. Hao ndio underdogs. Huwezi kuwaita vibonde watu waliobeba kombe. Mimi naandika "wasiopewa nafasi", ni maneno mawili lakini yanabeba maana yote.

Kwenye habari naona "watchdog", niandike mbwa mlinzi?

Kama habari ni ya mbwa kweli anayelinda geti, ndio. Kama ni chombo kinachosimamia serikali, mabenki, maji, umeme, basi andika chombo cha uangalizi, au taja kazi yake, mkaguzi, msimamizi. Kwa Kiingereza kuitwa watchdog ni heshima, waandishi wa habari wenyewe wanajiita hivyo. Kwa Kiswahili ukiandika kwamba tume fulani ni mbwa mlinzi wa wananchi, msomaji anasimama kwenye neno mbwa na sentensi yako imekufia hapo. Na ile "toothless bulldog" ambayo magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yanaipenda, tuna chetu kizuri tu, chombo kisicho na meno, bulldog mtoe kabisa.

"Dogged by scandals" ni nini? Na "dogged determination"?

Haya ni maneno mawili yanayoandikwa sawa, sikiliza matamshi. La kwanza ni kitenzi, to dog, kuandama mtu nyuma nyuma kila anapokwenda, linatamkwa silabi moja, dogd. Kiongozi kaandamwa na kashfa. La pili ni sifa, linatamkwa silabi mbili, dog-id, na ni sifa nzuri, ung'ang'anizi wa mtu asiyekata tamaa. Kwa hiyo "a dogged journalist" ni mwandishi king'ang'anizi, amesifiwa. Hata watangazaji wanalitamka la pili kama la kwanza, na mtihani wa kusikiliza unakupiga hapo hapo.

"Hair of the dog" mbona linasemwa baa?

Kwa sababu ni kutoa loki. Yaani mtu kalewa jana, kaamka kichwa kinagonga, anatafuta chupa moja ya kuzimua, hiyo chupa ndio hair of the dog. Imetoka kwenye imani ya zamani kwamba ukiumwa na mbwa, chukua unyoya wa mbwa yule yule uweke kwenye kidonda na utapona.

Hapa naomba nitoke nje ya lugha kidogo. Hiyo imani ni ya uongo na inaua. Mbwa akikuuma osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, usisubiri uone mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kuonekana karibu kila mgonjwa anafariki, na wengi wanaougua duniani wameng'atwa na mbwa. Mtoto akikwambia kakwaruzwa na mbwa naye mpeleke.

"Dog days of summer" ni siku za mbwa?

Ni siku za joto kali, Julai mpaka Agosti mwanzoni, huko kaskazini mwa dunia. Mbwa hapa ni nyota, Sirius, inayong'aa kuliko zote usiku, iko kwenye kundi la nyota linaloitwa Mbwa Mkubwa. Wagiriki na Warumi wa kale waliona inachomoza pamoja na jua kipindi hicho cha joto wakasema basi imeliongezea jua moto. Sasa ukimtafsiria mtu wa Nairobi au Njombe "joto la Julai" anakushangaa, Julai sisi tumevaa masweta, pwani ni kipupwe. Andika joto kali la kiangazi cha huko na taja ni wapi, la sivyo msomaji anapotea. Siku hizi wanalitumia pia kwa kipindi kilichopooza, biashara imelala, hakuna kinachoendelea.

Niandike "it was raining cats and dogs" kwenye insha?

Andika it was pouring. Waingereza wenyewe wanalijua ila hawalisemi sana, limebaki kwenye vitabu vya shule zetu. Lina umri mkubwa, tangu karne ya 17, na ile stori ya intaneti kwamba mbwa na paka walikuwa wanalala kwenye mapaa ya nyasi mvua ikinyesha wanateleza wanaanguka ni ya kutungwa, mbwa gani anapanda kulala juu ya paa.

Methali za Kiingereza zenye dog, Kiswahili chake ni kipi?

Nyingine zinakaa kama zilizaliwa pamoja. "Love me, love my dog" ni ukipenda boga penda na ua lake, hii naipenda sana, wao wameweka mbwa sisi tumeweka ua la boga na maana haijapungua hata kidogo. "Let sleeping dogs lie" ni usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

"You can't teach an old dog new tricks" watu wanaipa samaki mkunje angali mbichi. Inafaa, ila ya kwetu inamwambia mzazi awahi na ya kwao inasema mzee kashachelewa, kwa hiyo angalia unaongea na nani.

"If you lie down with dogs you get up with fleas" wengi wanairukia kwa ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini, kwa sababu mbwa yupo pande zote mbili. Mimi siikubali hiyo. Ya Kiingereza inahusu marafiki wabaya, utaondoka na tabia zao. Ya kwetu inahusu mazoea, ukimpa mtu nafasi kupita kiasi atakuvunjia heshima mahali pa heshima. Ya marafiki wabaya bora useme samaki mmoja akioza wote wameoza.

"Dog in the manger" ni mtu mwenye roho ya kwanini, mbwa kalala kwenye hori la ng'ombe, majani hali na ng'ombe hawaachii. "Every dog has its day" ni kila mtu ana siku yake. "Barking up the wrong tree" ni ya wawindaji wa Marekani, mbwa anabwekea mti ambao mnyama hayupo, kwetu unasema hapo umemlaumu asiyehusika au umepotea njia.

"Dog eat dog" je?

Maisha ya kila mtu na lwake, hakuna huruma. Methali ya zamani zaidi ilikuwa inasema mbwa hamli mbwa mwenzake, tangu Kilatini, kwa hiyo dog eat dog maana yake hata huo mwiko umevunjwa. Afrika Mashariki tuna ya kwetu, miaka ya 70 Watanzania walikuwa wanasema Kenya ni "man eat man society" na Wakenya wakarudisha kwamba Tanzania ni "man eat nothing". Kwa hiyo tafsiri mtu kula mtu, kila mtu wa umri fulani anaielewa mara moja.

Dog whistle kwenye siasa ni nini?

Filimbi ya mbwa inatoa sauti ya juu ambayo sikio la binadamu halishiki, sisi tunaishia kama hezi 20,000 na mbwa anaenda mbali zaidi. Mwanasiasa akitumia dog whistle anasema maneno yanayoonekana ya kawaida kwa watu wote ila kundi lake linasikia ujumbe mwingine, mara nyingi wa ubaguzi wa rangi, dini au kabila. Wakenya wanaokumbuka neno "madoadoa", walivyoitwa watu wa makabila mengine kwenye siasa za Bonde la Ufa, hawahitaji maelezo zaidi. Kwa Kiswahili nasema lugha ya mafumbo yenye chuki, au kauli ya kificho.

Ya kazini na nyumbani?

Work like a dog ni kufanya kazi kama punda, tafadhali mbadilishe mnyama. Dogsbody ni mtu wa kutumwa tumwa ofisini, Waingereza ndio wanalisema. Dog's breakfast ni kazi iliyofanywa shaghalabaghala. In the doghouse ni kununiwa, hasa mume na mkewe. Sick as a dog ni hoi taabani. Gone to the dogs ni imeenda arijojo. Doggy bag, hii vijana wa hoteli muisikilize, mgeni anataka afungiwe chakula kilichobaki, hana mbwa wala hajasema chakula chenu ni cha mbwa, mletee kifungashio.

Dog-ear ni kukunja kona ya ukurasa. Dog tag ni kibati cha jina shingoni kwa mwanajeshi, jeshi la Marekani walikiruhusu mwaka 1906. Dogfight ni ndege za kivita zinazopigana kwa karibu angani, toka Vita ya Kwanza ya Dunia. Dog collar ni mkanda wa shingo wa mbwa, na pia kola nyeupe ya padri au mchungaji, na akiisema Mwingereza hamkashifu mtumishi.

Nikitafsiri tusi la Kiswahili "mbwa wewe" niandike "you dog"?

Usiandike hivyo peke yake. "You dog!" kwa Mwingereza linaweza kusikika la utani, hata sifa. Kama ni filamu, tafuta tusi la Kiingereza lenye uzito ule ule kulingana na anayesema. Kama ni maelezo ya polisi, mahakamani, au kesi ya mtu anayeomba ukimbizi Ulaya au Marekani, huko usibadilishe neno la shahidi, acha "mbwa" kama alivyolisema halafu eleza kwa Kiingereza kwamba kwenye jamii yake ni tusi zito la kumvua mtu utu. Na akiwa Mkenya kasema "umbwa" andika umbwa, na u yake.